Dawa Isiyokopeshwa

Katika kikundi chetu, dawa zilikuwa zikikopeshwa kama chumvi. Sisi ni watu sita tunaoishi na virusi vya HIV, na kwa miaka kadhaa tumekuwa tukichukua dawa kwa zamu. Mmoja wetu huenda kliniki mjini Thika na kadi za wenzake, hurudi na mikebe kwenye mfuko wa sokoni, juu yake sukuma wiki, na Jumapili mchana tunakutana mtaani Kiandutu kwenye chumba cha mama mmoja muuza mboga. Huyo ndiye mwenyekiti wetu. Majirani wake wanaamini kwamba sisi ni chama cha kununuliana sufuria. Siku moja jirani aliomba kujiunga, na mwenyekiti akamjibu bila kutabasamu kwamba nafasi zimejaa mpaka mtu afe.

Kukopeshana kulikuja kwenyewe. Mtu anaitwa matangani ghafla, anasafiri na mkebe ambao umebaki na vidonge viwili, anampigia mwenzake simu. Tulikuwa tukimeza vidonge vya aina moja, vya rangi moja, kwa hiyo ulichokopa leo ulirudisha siku mkebe wako mpya ulipofika. Hakuna aliyewahi kuumia kwa jambo hilo. Mimi mwenyewe nilikopeshwa. Kazi yangu ni kusuka nyaya za mota za pampu za maji, na mwaka mmoja nilikwenda kufunga pampu Kitui, mvua ikakata barabara, nikaishiwa dawa huko. Mwenzetu mmoja, fundi viatu, alinitumia vidonge kwa dereva wa lori. Alikuwa amevifunga kwa karatasi na kuvisokomeza ndani ya ncha ya kiatu cha shule, na dereva akaambiwa kiatu hicho ni cha mtoto wa mwenye kisima.

Huyo fundi viatu ndiye ninayetaka kumwandika. Ni mtu wa magharibi, kutoka upande wa Kakamega. Alikuja Thika kufanya kazi ya kiwandani, kibarua kikaisha, akabaki na sindano ya kushonea soli na meza ya mbao kando ya njia. Kabla ya Thika aliishi Nairobi, na huko kwa muda alijidunga dawa za kulevya. Alituambia hayo mwenyewe siku ya kwanza alipojiunga nasi, kwa sauti ile ile ambayo mtu hutumia kusema amewahi kuishi mtaa fulani. Tuliitana fundi, yeye wa viatu, mimi wa mota.

Kliniki ilipoanza kutupima homa ya ini aina ya C, wawili kati yetu tulikutwa nayo, yeye na mimi. Kipimo cha kwanza kilionyesha tu kwamba mwili umewahi kukutana na virusi hivyo, kwa sababu wapo watu ambao mwili wao huvifukuza wenyewe. Cha pili, kinachopelekwa maabara kubwa, ndicho kilichosema kama bado vimo. Kwetu sote wawili vilikuwamo. Yeye alijua, au alidhani anajua, vilikotoka. Mimi sijui hadi leo. Niliwahi kuongezewa damu nikiwa kijana baada ya ajali, na nilichomwa sindano nyingi katika vile vyumba vya madaktari wa uchochoroni ambavyo watu wa rika langu wanavikumbuka. Nilijaribu kwa wiki kadhaa kutafuta mlango ulioingiza ugonjwa, kisha nikaacha, kwa kuwa kuujua kusingebadilisha matibabu.

Nilisoma nilivyoweza. Sikufika kidato cha tatu, lakini nimezoea kununua vitabu vilivyotumika na kuvisoma taratibu na kamusi pembeni. Nilielewa kwamba homa hii hulichubua ini pole pole na kuliachia makovu, na kwamba mtu mwenye HIV, makovu yake huja upesi zaidi. Nilielewa pia jambo ambalo nililisoma mara mbili nikidhani nimekosea: dawa yake humezwa kwa miezi mitatu tu, na wengi wanaoimaliza wanapona. Kwa mtu ambaye ameambiwa kwa miaka mingi kwamba dawa ni za maisha, neno kupona lilikuwa geni. Nililitazama kama unavyomtazama mtu uliyesoma naye darasa la kwanza, huna hakika kama ni yeye.

Dawa zenyewe zilikuwa haba. Zilitolewa kwenye kituo kimoja Ruiru, na jina langu likaitwa kwanza. Kwa kuwa natoka mbali na kazi yangu ni ya kusafiri, nilipewa mikebe yote mitatu kwa mara moja. Fundi viatu hakupewa. Miezi miwili hivi kabla ya hapo alikuwa amekutwa na kifua kikuu, ameanza dawa zake, na akaambiwa amalize hizo kwanza. Alipouliza kwa nini, alijibiwa haraka kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu, na alichobaki nacho kichwani ni kwamba asubiri.

Jumapili iliyofuata tulikuwa wote sita kwa mwenyekiti. Chai ilikuwa imemiminwa. Fundi viatu hakugusa yake.

"Fundi," akasema, "hiyo dawa ya ini wamekupa yote?"

"Mikebe mitatu."

"Basi nikopeshe mmoja na nusu. Zangu zikikuja nitarudisha. Si ni vile tu tunafanyanga?"

Sikujibu upesi, na kwetu kutojibu upesi ni jibu.

"Ngai fafa! Mungu wangu!" mwenyekiti akasema. "Tangu lini mtu hapa akakalia dawa kama kuku kwa mayai?"

"Muache, mama," fundi viatu akasema. "Huyu ni Mkikuyu. Anapiga hesabu ya riba. Kidonge kimoja nirudishe viwili."

"Na nyinyi wa Kakamega mkikopeshwa kuku," nikamwambia, "mnarudisha manyoya."

Watu walicheka, hata yeye. Kisha kicheko kikaisha na bado alikuwa ananitazama.

"Mimi sichezi," akasema. "Kaka yangu mkubwa alikufa na ini. Tumbo ilifura hivi, macho ikakuwa njano kama paipai. Alikuwa ananiuliza, ndugu, huyu ni nani amenilalia kwa tumbo? Mimi ndio nilikuwa namgeuza kitandani. Nimeona vile ini huua, fundi. Haiuangi haraka. Sasa wewe umekaa na mikebe tatu kwa kabati, mimi naambiwa nisubiri. Nisubiri nini? Tumbo?"

Mwenyekiti alinisogezea sahani ya viazi vitamu kana kwamba hapo ndipo jibu lilipokuwa.

"Nipe mpaka Alhamisi," nikasema. "Nina siku yangu ya kliniki Ruiru. Twende wote tuulize."

"Kuuliza ni kukataa na heshima," akasema. Akachukua kofia yake akatoka, na chai yake ikabaki imefunga utando.

Nyumbani Ngoingwa mambo hayakuwa mepesi zaidi. Mke wangu hana virusi, wala vya HIV wala vya ini, na tangu nijue hali yangu amekuwa akinitetea kuliko ninavyojitetea mwenyewe. Nilitarajia aseme usimpe. Alikuwa akichambua mchele, na hakuinua macho.

"Ule mwaka ulikwama Kitui, ni nani alikutumia dawa?"

"Ni yeye."

"Basi unataka kufikiria nini?"

Nilimweleza ninachofikiri, ingawa sikuwa na uhakika nacho. Dawa za HIV ni kama ugali, unakula leo na kesho na keshokutwa, na ukimmegea mwenzako kipande, kesho kuna mwingine. Dawa hii ina mwanzo na mwisho. Nilimwambia afikirie kisima. Ukikata kamba ya ndoo katikati ukampa jirani nusu, haina maana kwamba kila mmoja atapata nusu ndoo. Ndoo zote mbili zitaning'inia hewani.

"Hiyo ni kamba," mke wangu akasema. "Huyu ni mtu. Enda umwambie habari ya kisima na tumbo lake likianza kufura."

Usiku huo niliacha vitabu vyangu vilipo. Nilikuwa nimeshavipitia na havikuwa na jibu kwa mtu mwenye magonjwa matatu kwa mpigo. Jambo moja lilinisumbua: kama ningekosea kwa kumnyima, yeye ndiye angelipa. Mikebe ilikuwa kabatini, nyuma ya sukari. Nilijua kwamba nikisema ndiyo, wote watafurahi, naye ataanza kumeza kesho yake. Ni rahisi sana kufanya kosa ambalo kila mtu anakusifu kwa kulifanya.

Alhamisi nilifika Ruiru mapema nikakaa kwenye benchi la nje. Sikutegemea kumwona. Alikuja akiwa na koti lake la kanisani, hakunisalimu, akakaa upande wa pili wa benchi na kuweka mapajani chupa ya plastiki yenye maji meusi.

"Ni ya nini hiyo?" nikamuuliza.

"Si wewe umeninyima? Nimejinunulia yangu Makongeni. Mizizi. Inasafisha ini."

Daktari aliyetuona alikuwa mwanamke wa umri wa binti yangu mkubwa. Nilimweleza shida yetu kama ilivyokuwa, pamoja na habari ya kikundi, kukopeshana na kifo cha kaka wa mwenzangu, nikijua huenda akatukaripia. Hakutukaripia. Alimgeukia fundi viatu.

"Baba, tangu uanze dawa ya TB, kuna kidonge umeongezewa jioni?"

"Iko. Moja ya HIV. Asubuhi nameza ile ya kawaida, jioni naongeza ingine. Waliniambia mpaka TB iishe."

"Walikuambia sababu?"

"Waliniambia. Nikasahau."

"Ni hii. Ile dawa nyekundu ya TB, ile inageuza mkojo rangi ya machungwa, inalifanya ini lifanye kazi mbio. Dawa zingine zikipita hapo, ini linazichoma haraka. Ya HIV ikichomwa, tunakuongezea kidonge jioni, inatosha. Lakini hii ya homa ya ini hatuna cha kuongeza. Ungeimeza na ingechomwa kabla haijafanya kitu. Virusi vingebaki, na pengine vingekuwa vimeizoea."

Fundi viatu alitazama chini. "Hata nikimeza miezi mitatu mzima?"

"Hata mitatu. Na huyu mwenzako angebaki na nusu dozi, naye pia asipone. Mngeikosa wote wawili, na mikebe imeisha."

Nje mtu alikuwa akiita namba za foleni.

"Kwa hivyo nirudi nyumbani," fundi viatu akasema, "nikae nikingoja ini ioze kama ya kaka yangu."

Nadhani daktari angeweza kumwambia asijali, na tungeondoka hapo kama tulivyokuja. Badala yake alimwambia alale kitandani. Alimbonyeza tumbo upande wa kulia, polepole, akamwangalia weupe wa macho na viganja, akaagiza damu ichukuliwe na picha ya ini ipigwe siku hiyo hiyo. Tulisubiri hadi alasiri. Tulikula mandazi, naye akanimegea lake la mwisho, jambo ambalo sikulitafsiri.

Majibu yalipokuja daktari alimwonyesha picha, ingawa sisi wote wawili tuliona mawingu tu.

"Kuna makovu," akasema, "sitakuficha. Lakini si mengi, na ini linafanya kazi yake. Kaka yako alifika hospitali tumbo limejaa maji. Wewe hujafika huko, na miezi minne hii haitakufikisha. Nimepima na homa ya ini ya aina ya B, huna, hilo pia ni zuri. Maliza TB bila kuruka hata siku moja. Ukishamaliza tunangoja wiki chache hadi ile dawa nyekundu itoke mwilini kabisa, kisha unaanza hii. Pombe hapana. Na hiyo chupa?"

"Ya kusafisha ini."

"Ini ndilo husafisha, baba. Usilipe kazi nyingine."

Fundi viatu alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Chupa aliiacha kwenye pipa la takataka la nje, baada ya kuinusa mara ya mwisho kwa huzuni ya mtu aliyeilipia.

Tulitembea hadi stendi. "Bado nimekasirika," akaniambia.

"Najua."

"Lakini si na wewe sana."

Jumapili iliyofuata yeye ndiye aliyewaeleza wenzetu, na aliwaeleza vizuri kuliko ambavyo ningefanya mimi, kwa sababu alichukua mwiko na sufuria ya mwenyekiti akaonyesha ini likichoma dawa. Mwenyekiti alisikiliza akiwa amekunja mikono. Tangu siku hiyo, mtu akiomba kukopeshwa kidonge, mama huyo humhoji kama askari wa trafiki: ya nini, umeanza dawa gani nyingine, nani amekuandikia? Wengine wanalalamika. Kukopeshana kumepungua, na sasa mtu akiishiwa anapigia kliniki simu kwanza, ambako mara nyingi wanamsaidia siku hiyo hiyo. Hatukuwahi kujua hilo kwa sababu hatukuwahi kuuliza.

Mimi nilimeza mikebe yangu mitatu. Sikupata shida yoyote ila maumivu ya kichwa wiki ya kwanza. Miezi mitatu baada ya kumaliza nilipimwa, na virusi havikuonekana. Mke wangu alinunua kuku. Nilikula nikiwa na furaha ambayo haikukamilika, na sikujua nitamwambiaje fundi viatu, lakini habari alizipata kabla sijafungua karakana asubuhi yake. Alikuja na viatu vyangu vya kazi alivyokuwa amevipiga soli mpya.

"Kwa hivyo inafanya kazi," akasema.

"Kwangu imefanya."

"Kama imefanya kwa mzee kama wewe," akasema, "mimi kijana je?" Tunapishana mwaka mmoja.

Wakati huo alikuwa ameshamaliza dawa ya TB. Lakini zile wiki za kungoja zikaongezeka, kwa kuwa kituo cha Ruiru kiliishiwa na dawa ya ini na mzigo mpya ukachelewa. Huo ndio wakati nilioogopa zaidi. Alipungua mwili, na kila asubuhi alijitazama macho kwenye kioo kidogo alichokuwa akiwawekea wateja. Aliniuliza kama njano huanzia juu au pembeni. Tungekuwa na dawa ya kumkopesha, sasa ingemfaa, lakini hakuna aliyekuwa nayo. Tulichoweza kumkopesha ni muda. Tulikaa kwenye meza yake kwa zamu ili aweze kwenda Ruiru kuulizia bila kupoteza wateja. Zamu yangu ya kwanza nilimuuzia mwanamke mmoja viatu ambavyo kimoja kilikuwa namba saba na kingine nane. Alirudi navyo kesho yake, na fundi viatu akamwambia avumilie, kwani siku ile duka lilikuwa mikononi mwa fundi wa pampu.

Dawa zikaja. Alimeza kila siku baada ya habari za saa moja asubuhi kwenye redio, na mwenyekiti akimpigia simu na neno moja tu: "Umekula?" Alipomaliza mkebe wa mwisho hakusherehekea. Alisema kaka yake pia aliwahi kuwa na mwezi mmoja mzuri.

Siku ya majibu, miezi mitatu baadaye, aliniomba niingie naye ndani. Daktari alikuwa yule yule. Alifungua kompyuta, akasoma, akasoma tena.

"Virusi havikuonekana."

"Havikuonekana ama haviko?"

"Haviko. Homa ya ini umepona, baba. Ya HIV unaendelea na dawa zako kama kawaida. Makovu ya ini tutayaangalia kila baada ya muda. Na usikilize: mtu akikupima na kile kipimo kidogo cha kidole, kitasema unayo. Kitasema hivyo maisha yako yote, kwa sababu mwili unakumbuka. Usishtuke. Sema upimwe kile kingine. Halafu kupona si chanjo. Ukirudi kwa sindano, unaweza kuipata upya."

"Huko sirudi."

Nilidhani atalia au atatania. Akatoa simu akampigia mjane wa kaka yake, kule kijijini. Alizungumza lugha yao, nami sikuambulia neno. Alirudia jambo moja mara tatu, sauti ikipanda. Mwishowe akamnyooshea daktari simu.

"Shemeji haamini," akasema. "Anasema watu wa mjini tunadanganyana. Tafadhali mwambie wewe."

Daktari alitazama mlango, palipokuwa na foleni, kisha akaichukua. "Mama, habari? Mimi ni daktari wake. Ni kweli. Ndiyo. Ndiyo, ini. Limepona ule ugonjwa." Tukasikia sote, hata bila spika, mwanamke akianza kuomba. Aliomba kwa lugha yake, bila kupumzika, na daktari akabaki amesimama na simu sikioni, hana namna ya kukata, akimwonyesha kwa mkono mgonjwa aliyefuata kwamba aingie, aketi.